Kutoka Januari hadi Novemba: Jinsi ya Kuupanga Mwaka wa Kidato cha Nne

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania huingia katika chumba cha mtihani wa taifa mwezi Novemba, lakini sehemu kubwa ya matokeo yake huwa imekwisha kuamuliwa na namna shule ilivyozitumia wiki zilizotangulia. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa taaluma wa shule ya sekondari ya kutwa, hasa zile tunazoziita shule za kata, pamoja na mkuu wa shule, mwalimu wa darasa na mzazi anayetaka kuelewa kinachoendelea shuleni kwa mwanawe. Nimeifanya kazi hiyo ya taaluma kwa miaka kadhaa, na jambo moja limenikaa moyoni kuliko mengine yote: shule zetu hazikosi mitihani, zinachokosa ni muda wa kusahihisha karatasi, kuzirudisha mikononi mwa wanafunzi na kufundisha upya pale walipokosea. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili muda huo upatikane.

Hatua ya kwanza: hesabu wiki ulizo nazo kweli

Kalenda ya mwaka wa masomo huwa na siku 194 zilizogawanywa katika mihula miwili, wa kwanza ukianzia Januari na wa pili Julai, na kila muhula hukatwa katikati na likizo fupi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hazipati siku hizo zote, kwa kuwa mtihani wake huja Novemba, wakati wenzake wa madarasa ya chini bado wana wiki kadhaa za masomo mbele yao. Kwa hiyo usianze mwaka kwa kupanga vipindi; anza kwa kuhesabu.

Chukua karatasi ya manila, chora mistari ya wiki kuanzia siku ya kufungua shule hadi siku ya kwanza ya mtihani wa taifa, kisha futa kwa kalamu nyekundu kila wiki ambayo ufundishaji hautafanyika au utafanyika kwa kusuasua. Futa likizo fupi, wiki ya mtihani wa nusu muhula, wiki mbili za mtihani wa muhula na wiki za mock, yaani mtihani wa majaribio wa wilaya au mkoa. Weka alama kwenye kipindi cha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikiwa shule yako hutoa wachezaji, kwenye siku ambayo Mbio za Mwenge hupita wilayani kwenu na wanafunzi huitwa kwenda kuupokea, kwenye mahafali, na kwenye zile wiki za mvua ambazo watoto wa mashambani hubaki nyumbani kupanda au kushindwa kuvuka mto. Katika miaka hii Ramadhani huangukia mwanzoni mwa mwaka, na kwa shule za pwani na visiwani jambo hilo lina maana ya moja kwa moja: vipindi vya ziada vya alasiri havifai mwezi huo, na masomo magumu yasogezwe asubuhi.

Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii nilidhani nina wiki 36. Nilipomaliza kufuta zilibaki wiki 25. Niliibandika karatasi ile katika ofisi ya walimu, na kikao cha siku hiyo kilikuwa kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria, kwa sababu hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba muda ni mdogo.

Katika wiki za mwanzo wa mwaka ndipo pia usajili wa watahiniwa hufanyika, na naomba jambo hili lisiachiwe mtu mmoja. Kila mwanafunzi aione orodha, asome jina lake herufi kwa herufi akililinganisha na cheti chake cha kuzaliwa na kumbukumbu zake za shule ya msingi, kisha ahakiki masomo aliyosajiliwa na kutia saini. Herufi moja iliyokosewa Februari itamfuata kwenye cheti, na kuirekebisha baadaye ni safari ndefu na yenye gharama.

Hatua ya pili: mfahamishe kila mwanafunzi hesabu ya madaraja

Nimekutana na wanafunzi wengi waliofika mwezi Agosti bila kujua daraja lao hupatikanaje. Huambiwa tu wasome kwa bidii. Mwanafunzi akiijua hesabu hujipangia kazi mwenyewe, kwa hiyo tenga kipindi kimoja mwezi Januari na uiandike ubaoni.

Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi zake: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Baada ya hapo mpe kila mmoja karatasi akokotoe ya kwake kutokana na matokeo ya mwisho wa kidato cha tatu. Mwenye D mbili na F tano atapata pointi 33, yaani daraja la nne. Mwenye D moja na F sita atapata 34, ambayo ni sifuri. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ni somo moja lililofikia alama 30. Kwa upande wa juu, B nne na C tatu zinampa mwanafunzi pointi 17 na kumweka daraja la kwanza hata kama hana A yoyote. Na anayetamani kidato cha tano anapaswa kufahamu kwamba anahitaji walau masomo matatu yenye ufaulu wa C au zaidi, na jumla ya pointi isiyozidi 25.

Mwambie aandike kwenye jalada la ndani la daftari lake masomo mawili tu atakayoyapandisha gredi moja kabla ya Juni. Mawili yanatosha. Mwanafunzi aliyejiwekea lengo la kupandisha masomo tisa kwa pamoja huishia kusoma lile analolipenda.

Hatua ya tatu: soma fomati na taarifa za Baraza kabla ya kuandika azimio la kazi

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa fomati ya kila somo, yaani muundo wa karatasi ya mtihani, na hutoa pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambamo huonyeshwa swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya iliyochukuliwa katika karatasi zenyewe. Taarifa hizi zipo katika tovuti ya Baraza na hazilipiwi. Ni hazina ambayo shule nyingi haziigusi, na ukiniuliza mwalimu mpya wa somo aanze na kitu gani, nitamwambia aanze na hizo kabla ya kitabu chochote cha maswali na majibu kinachouzwa stendi.

Nitoe mfano wa Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na ufaulu mdogo kuliko mengine. Katika karatasi za miaka ya karibuni kuna maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Yeyote aliyezipanga karatasi hizo mezani kwa mfuatano wa miaka ataona kwamba mada hurudi karibu katika nafasi zile zile. Swali la kwanza huhusu namba, sehemu na desimali. La pili vipeo na logi. La tatu seti na uwezekano. La saba uwiano, faida na hasara pamoja na hesabu za biashara. La nane mfuatano wa namba. La kumi milinganyo. Sehemu B huwa na takwimu na duara, maumbo ya vipimo vitatu na dunia kama tufe, matriki, kisha yale maswali ya kutafuta faida kubwa kabisa au gharama ndogo kabisa kwa kuchora grafu.

Mwalimu anayelijua hilo anaweza kumchukua mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuka alama 15 na kumjenga katika maswali matano ya sehemu A na mawili ya sehemu B, ambayo kwa jumla yana alama 50, hadi ayamudu bila wasiwasi. Kumkimbiza mtoto huyo katika mada zote za vidato vinne ni kumchosha. Tahadhari ni moja: fomati hubadilika na mtaala umekuwa ukiboreshwa, kwa hiyo hakikisha kwamba fomati uliyo nayo mkononi ndiyo ya kundi la wanafunzi wako, siyo ya kaka zao.

Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha mwaka mzima, liandikwe baada ya kazi hii, nalo lioneshe kwamba mada mpya zote zitakamilika ifikapo mwisho wa Juni. Najua hapa walimu wa Fizikia na Kemia hupinga, hasa shule inapokuwa na mwalimu mmoja wa somo kwa mikondo minne. Pamoja na hayo, mada iliyofundishwa Oktoba kwa haraka haijawahi kumsaidia mtahiniwa, kwa kuwa haikupata nafasi ya kuulizwa, kukosewa na kurudiwa. Ni afadhali mada hiyo ichukue likizo ya Juni kwa makubaliano na wazazi.

Mtihani wa vitendo nao uanze mapema. Shule nyingi hununua kemikali na kufungua maabara mwezi Septemba, na mwanafunzi anaishika bureti kwa mara ya kwanza huku mkono ukimtetemeka. Kuanzia Machi kila jozi ya wanafunzi iguse kifaa walau mara moja kwa wiki mbili, hata kama kinachopimwa ni maji na siki.

Hatua ya nne: punguza mitihani ya ndani, kisha rudisha karatasi zilizosahihishwa

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mwaka mmoja, shuleni kwetu, tuliamua kuwapa kidato cha nne jaribio kila Ijumaa katika masomo mawili, pamoja na mtihani wa kila mwisho wa mwezi. Wazazi walifurahi na wanafunzi walijiona wanafunzi kweli. Mimi ndiye niliyeisimamia ratiba hiyo, nami ndiye niliyekuwa nikifunga mabunda ya karatasi kwa kamba ya katani na kuyapanga juu ya kabati la ofisi nikisubiri walimu wenye vipindi 28 kwa wiki wapate nafasi ya kuyasahihisha. Ilipofika Agosti mabunda yalikuwa yamegusa dari.

Siku moja niliyashusha ili kutafuta alama za binti mmoja zilizopotea. Nilikuta karatasi zake tatu za Hisabati, ya Machi, ya Mei na ya mock ya Julai. Katika zote tatu kulikuwa na swali la mfuatano wa namba lililobadilishwa tarakimu tu. La Machi lilisema: namba ya kwanza ni 3 na kila inayofuata huongezeka kwa 4, tafuta namba ya ishirini. Yeye alikuwa ameandika 3 + 20 × 4, akapata 83, wakati jibu ni 3 + 19 × 4, yaani 79. Kosa lile lile lilikuwepo Mei, na Julai pia. Mwandiko ulikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula, na jibu limefungwa kwenye kiboksi kwa ujasiri wa mtu anayeamini amepata.

Nilimwita, nikamwandikia 3, 7, 11, 15 na kumwomba ahesabu ni mara ngapi tumeongeza 4 ili kuifikia namba ya nne. Akagusa nafasi zilizo kati ya namba kwa ncha ya kalamu, moja, mbili, tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mwalimu, ile ya kwanza yenyewe haijaongezwa kitu?" Ilituchukua dakika nne. Kwa miezi mitano alikuwa amelifanyia mazoezi kosa ambalo dakika nne zingeliondoa, na sisi ndio tuliomfanyisha mazoezi hayo.

Tangu siku hiyo nimefuata utaratibu ufuatao, na naupendekeza kwa shule yoyote.

Majaribio yawe mawili kwa kila somo katika muhula, mbali na mtihani wa nusu muhula na ule wa muhula. Jaribio lisitungwe mpaka mwalimu awe na jedwali la kutahini, linaloonyesha kila mada itatoa maswali mangapi, na mwongozo wa usahihishaji, na lisifanyike mpaka tarehe ya kurudisha karatasi iwe imeandikwa kwenye ratiba ile ile. Mimi huweka siku saba. Mwalimu akiwa na karatasi 200, jaribio lipunguzwe hadi maswali manne kuliko kuongeza siku, na walimu wawili wa masomo yanayokaribiana wasaidiane kusahihisha kwa kugawana maswali, kama ifanyikavyo katika vituo vya usahihishaji.

Siku karatasi zinaporudi, kipindi kizima ni cha masahihisho. Mwalimu asisome alama za wanafunzi kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Jambo hilo huwafundisha walio nyuma kujificha na halimfundishi yeyote kokotoo lolote. Achague makosa matatu yaliyojitokeza zaidi, ayaandike ubaoni bila kutaja mtu, na darasa liyarekebishe pamoja. Kisha kila mwanafunzi afungue daftari la masahihisho, ambalo ni daftari la kawaida la kurasa 96 lililogawanywa kwa masomo, na aandike humo mambo matatu kwa kila swali alilokosa: swali lenyewe, kosa alilofanya kwa maneno yake, na jibu sahihi lenye hatua zote. Kosa la kutoelewa liandikwe kuwa la kutoelewa, la haraka liwe la haraka, na la kutosoma maelekezo liitwe kwa jina lake, maana dawa zake ni tofauti.

Wiki mbili baadaye mwalimu atunge maswali matano kutoka katika makosa hayo hayo. Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote ya muhula, nalo husahihishwa kwa nusu saa.

Kumbuka vilevile kwamba sehemu ya alama za mwisho za mwanafunzi hutokana na tathmini endelevu ya shuleni. Alama zilizotungwa mezani kwa sababu karatasi hazikusahihishwa ni dhuluma kwa mtoto na ni kosa kwa mwalimu.

Hatua ya tano: shughulikia lugha ya swali

Mwanafunzi wetu husoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha hutahiniwa kwa Kiingereza katika karibu masomo yote ya sekondari. Katika Historia, Jiografia na Baiolojia nimeona wanafunzi wanaolijua jambo vizuri wakikosa alama kwa kutoelewa neno moja la maelekezo. Swali likisema "outline", linataka hoja fupi fupi zilizopangwa; likisema "explain", kila hoja inahitaji sababu na mfano; likisema "differentiate", mtahiniwa asieleze kitu kimoja aya nzima kisha kingine aya nzima, bali aviweke ana kwa ana. Walimu wa masomo yote wakubaliane orodha ya maneno kama 15 ya namna hii, yabandikwe ukutani, na kila wiki maneno matatu yafanyiwe mazoezi katika kila somo kwa jambo ambalo wanafunzi tayari wanalifahamu.

Majadiliano ya vikundi yana msaada mkubwa hapa, mradi kikundi kisizidi watu watano na kiwe na swali lililoandikwa. Waruhusu waelezane kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, kisha waliandike kwa Kiingereza. Kuwakataza Kiswahili katika hatua ya kuelewana ni kuwanyima daraja la kuvukia.

Hatua ya sita: itumie mock ipasavyo

Mtihani wa utamilifu wa wilaya au mkoa, ambao kila mtu anauita mock, huja katika muhula wa pili, na mara nyingi huishia kuwa orodha ya shule bora na shule dhaifu inayosomwa kwenye vikao. Kwa shule, kazi yake kubwa iwe nyingine: ni siku ya mazoezi ya kila kitu. Panga madawati kwa umbali unaotakiwa, toa namba za mtihani za kuigiza, anza saa 2:00 asubuhi na saa 8:00 mchana kama itakavyokuwa Novemba, na usimruhusu msimamizi kufafanua maswali. Mwanafunzi ambaye hajawahi kukaa saa tatu mfululizo bila kunyanyuka atajifunza siku hiyo kugawa muda, na ni vyema ajifunze Julai.

Matokeo yakitoka, usiwapange wanafunzi kwa nafasi tu. Tengeneza orodha ya walio mpakani: wenye alama 25 hadi 29, 40 hadi 44, na 60 hadi 64 katika kila somo. Hao wamebakiza alama chache kupanda gredi, na kila mwalimu apewe majina yao wasiozidi kumi awafuatilie mmoja mmoja hadi Oktoba. Walio chini kabisa wasitupwe. Warudishwe kwenye ile hesabu ya masomo mawili ya kuwatoa sifuri.

Hatua ya saba: keti na wazazi kabla ya kuwaomba chochote

Kikao cha wazazi wa kidato cha nne kifanyike mapema Februari, siyo baada ya mock. Waonyeshe ile karatasi ya manila yenye wiki zilizofutwa. Nimeona mzazi aliyekuwa akimwambia binti yake achote maji na kupika kila jioni akibadilisha ratiba ya nyumba nzima baada ya kuiona, bila mtu kumhubiria. Waombe mambo matatu yanayowezekana: saa mbili za kusoma zisizo na kazi za nyumbani, taa, na chakula cha mchana shuleni. Ada iliondolewa katika sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, kuanzia mwaka 2016, lakini chakula hutegemea makubaliano ya wazazi wenyewe, na mtoto aliyetoka nyumbani saa 11 alfajiri akiwa hajala hawezi kuufuata mfuatano wa namba saa 8 mchana. Debe la mahindi na kilo chache za maharage kwa kila mzazi hufanya kazi ambayo kipindi cha ziada hakiwezi kuifanya.

Kuhusu kambi, maoni yangu ni haya. Kambi ya kitaaluma husaidia pale tu ambapo pana mabweni au madarasa yenye milango inayofungwa, vyoo vya kutosha, maji, matroni anayelala hapo hapo, na ridhaa ya maandishi ya kila mzazi. Mahali yasipokuwepo hayo, hasa usalama wa wasichana, kambi isifanyike kabisa, na badala yake vikundi vya kujisomea viundwe kwa mitaa wanakotoka, kila kikundi kikitembelewa na mwalimu anayeishi karibu.

Mahafali na michezo

Watu wa taaluma tumezoea kuzilalamikia shughuli hizi. Mimi sizilaumu. Mtoto anayecheza netiboli Jumatano jioni husoma vizuri Jumatano usiku, na mahafali ni siku ambayo mama aliyeuza vitumbua kwa miaka minne anakaa kiti cha mbele na kumwona mwanawe akiimba. Lakini ziwekewe mipaka. Mahafali yawe mwishoni mwa Septemba au mwanzoni kabisa mwa Oktoba, mazoezi ya ngoma, shairi na risala yasizidi wiki mbili na yafanyike baada ya vipindi, na mchango wake usiwe mkubwa kiasi cha kumfanya mzazi ashindwe kutoa wa chakula. Wachezaji wanaokwenda UMISSETA wapewe kazi za kwenda nazo, na wanaporudi wapangiwe wenzao wa kuwapitisha mada walizokosa. Mwalimu wa taaluma asisubiri wajitafutie.

Hatua ya mwisho: wiki mbili kabla na siku yenyewe

Katika wiki mbili za mwisho usifundishe jambo jipya wala usitoe mtihani mpya. Wanafunzi wapitie daftari la masahihisho, ambalo sasa litakuwa kitabu chao wenyewe cha makosa yao wenyewe. Vipindi viwe vya maswali yao. Usiku walale, mwalimu wa zamu azime taa za madarasa saa 4 usiku kwa walio bweni.

Kila mtahiniwa aonyeshwe ratiba na aiandike upya kwa mkono wake, akipigia mstari masomo yake na saa zake. Kila mwaka kuna anayedhani somo la asubuhi ni la mchana. Siku moja kabla, kagua kwa macho: kalamu mbili za wino, penseli, rula, mkebe wa hisabati, namba ya mtihani aliyoikariri. Simu ibaki nyumbani, na karatasi yoyote yenye maandishi ibaki nje ya chumba, hata kama ni ya dua; anayekamatwa nayo anaweza kufutiwa matokeo yote. Wafahamishe pia, kwa uwazi na bila vitisho, kwamba yeyote atakayewaletea maswali ya usiku anawauzia hasara.

Wanaotoka mbali wapangiwe kulala kwa ndugu au kwa mwenzao aliye karibu na shule kwa siku zote za mtihani, na jambo hili liamuliwe Septemba. Mvua za vuli hazisubiri msimamizi.

Karatasi ya mwisho itakapokusanywa, usiwaruhusu waondoke na daftari za masahihisho kabla hujawaomba wanaotaka kuziacha waziache. Zipange katika boksi kwa masomo na uliweke darasani kwa kidato cha tatu, ambao wakati huo huwa wamebakiza wiki chache kufunga shule. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo, daftari la yule binti wa 83 lilikuwemo. Kwenye ukurasa wa Hisabati alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: "Namba ya kwanza haijaongezwa kitu. Hesabu nafasi, usihesabu namba."